Uso wa Meya wa Kisogoni

Ng'ambo ya nchi zote zinazotajwa na wasafiri uko mji uitwao Kisogoni, na asiyewahi kufika huko asidhani jina hilo ni la mzaha. Sihaba binti Mrisho alifika mwishoni mwa kiangazi, kuzuru kaburi la mdogo wake aliyekuwa ameolewa huko. Jambo la kwanza aliloliona, kabla hata ya kuulizia njia, lilikuwa picha kubwa iliyotundikwa juu ya lango la mji. Ilikuwa picha ya kichwa cha mwanamume kilichochorwa kutoka nyuma: masikio mawili, nywele zilizonyolewa kwa uangalifu, shingo nene, na ukosi wa kanzu uliotariziwa kwa nyuzi za kijani. Chini yake paliandikwa kwa herufi kubwa: MHESHIMIWA MEYA WETU.

"Mchoraji alikosea?" Sihaba akamuuliza bawabu.

Bawabu akamtazama kwa huruma. "Hakukosea, mama. Ndiye huyo. Tazama ukosi."

Sihaba akaingia mjini. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu, aliyezoea kwamba kila mji una lake la kuficha. Ila hakuwahi kuona mji ulioficha uso wa mkubwa wake na kutundika kisogo langoni.

Shemeji yake, Hizza, alikuwa mfyatua matofali katika mtaa wa Bondeni, chini kabisa ya mji, mahali ambapo tuta refu la udongo liliuzuia Mto Lukwale usiingie majumbani. Alikuwa mgane, na aliishi na bintiye, Tunu, aliyekuwa ananyonyesha mtoto wake wa kwanza. Mume wa Tunu alikuwa mbali milimani akipasua mbao. Walimpokea Sihaba kwa machozi kwanza, kisha kwa chakula, kama ilivyo desturi ya watu waliofiwa na mtu mmoja katika miji miwili.

Walipokwisha kula, Sihaba akauliza habari ya ile picha.

"Shemeji," Hizza akasema, "hapa kwetu mtu humtazama aliyempa kazi. Mtumishi humtazama tajiri wake, si ndiyo? Sasa meya huchaguliwa na madiwani, humo ndani, mlango umefungwa. Kwa hiyo kiti chake kinawaelekea wao. Sisi tunaingia kwa mlango wa nyuma, tunakaa nyuma, tunasema na kisogo."

"Na madiwani wanachaguliwa na nani?"

"Na sisi. Kila mtaa na diwani wake."

"Basi wao huwatazama nyinyi."

Hizza akatabasamu bila furaha. "Wao wanamtazama meya."

Katika siku zilizofuata Sihaba alijionea mwenyewe jinsi sheria hiyo, ambayo wenyeji waliiita Sheria ya Kiti, ilivyoingia katika kila kitu. Kinyozi wa meya alikuwa mtu wa kuheshimiwa kuliko hakimu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeamua wananchi wataona nini. Mameya waliopita walikumbukwa kwa shingo zao: huyu Meya wa Kovu, yule Meya wa Mikunjo. Mafundi charahani walishindana kutarizi kosi, na meya mpya alipoapishwa watu walipanga foleni kuutazama ukosi wake, wakarudi nyumbani wakisema kwamba safari hii mambo yatakuwa mazuri. Wapo waliodai wanaweza kujua hasira ya meya kwa kuyatazama masikio. Methali isemayo kwamba akupaye kisogo si mwenzio ilikuwa imepigwa marufuku, na mwalimu aliyeiandika ubaoni alihamishwa.

Wala watu hawakuwa wajinga. Ukiwauliza kwa nini hawamchagui meya wao wenyewe, walijibu kwa utulivu walivyofundishwa: Mmemchagua kupitia kwetu. Ndivyo madiwani walivyosema kila mwaka, na watu walikuwa wamekwisha kuyazoea maneno hayo, kama mtu anayeambiwa ameshiba kwa sababu jirani yake amekula.

Sihaba angeliaga na kwenda zake mapema kama si ufa.

Ufa ulikuwa kwenye tuta, nyuma ya tanuri la Hizza. Hizza alimpeleka kuuona asubuhi moja. Alitia mkono wake ndani ukazama mpaka kwenye kiwiko, akautoa umelowa.

"Kiangazi hiki," akasema, "na mto uko chini namna hii. Je, mvua ikija?"

"Umemwambia diwani wenu?"

"Diwani wetu ni Mzee Sheweji. Anakaa Kilimani siku hizi. Nilimwambia. Alisema ni jambo la meya. Nikamwambia meya. Kisogo kikasema, 'Tumesikia.'" Hizza akapangusa mkono kwenye nguo. "Kesho ni baraza. Nitasema tena. Twende pamoja, shemeji. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone."

Walipofika kwenye ukumbi, ofisa mmoja aitwaye Mshika Kiti, ambaye kazi yake yote ilikuwa kuhakikisha kiti cha meya hakisogei, alimzuia Sihaba mlangoni. Sheria ilisema wananchi wakae nyuma. Lakini Sihaba hakuwa mwananchi. Hakuwa na mtaa wala diwani. Mshika Kiti alifikiri sana, akashauriana na mwenzake, mwishowe akampitisha mlango wa mbele na kumketisha pembeni mwa benchi la madiwani, penye nafasi. Ndivyo ilivyotokea kwamba mwanamke asiye na kura, asiye na nyumba wala kiwanja Kisogoni, aliuona uso wa meya.

Alikuwa ameutarajia uso wa kibabe, unaofanana na shingo ile nene. Haukuwa hivyo. Meya Idarusi alikuwa na macho ya mtu asiyelala, na mashavu yaliyoingia ndani. Mtu alipotoa shida yake nyuma yake, Idarusi alimtazama Mzee Sheweji, aliyekuwa ameketi katikati ya madiwani wenzake. Sheweji alipotikisa kichwa, meya alisema, "Tumesikia." Sheweji alipokubali, meya alisema, "Litafanyika." Mambo yaliyofanyika yalikuwa machache, na mengi yalihusu barabara ya Kilimani, ambako mafundi wote wa mji walikuwa wakifanya kazi msimu ule.

Zamu ya Hizza ikafika. Sauti yake ilitoka nyuma, mbali kidogo.

"Mheshimiwa, mimi ni Hizza wa Bondeni. Tuta limepasuka. Mkono wangu unaingia mpaka kiwiko. Tunaomba majembe na watu, kabla ya mvua. Nina mjukuu pale, Mheshimiwa. Kila mtu Bondeni ana mtoto pale."

Sihaba akaona jambo ambalo hakulisahau maisha yake yote. Meya alifumba macho. Midomo yake ikafunguka, mikono ikashika pande za kiti kama mtu anayetaka kuinuka. Mzee Sheweji akagonga meza kwa kidole kimoja, taratibu. Midomo ikafungwa.

"Tumesikia," kisogo kikasema.

Jioni ile ua wa Hizza ulijaa majirani. Habari zilikuwa zimeenea kwamba kuna mgeni aliyeketi mbele. Wengine walileta maboga, wengine maziwa, na wote walikuwa na swali moja, ila hakuna aliyethubutu kuanza. Mwishowe Bi Mwanahija, mwanamke muuza nafaka aliyejulikana sokoni kwa kutoogopa mtu, akasema:

"Dada, hatukuulizi ana sura gani. Hilo haramu. Tunakuuliza, tukisema naye, uso wake unafanya nini?"

Sihaba aliwatazama watu wale. Walikuwa wameishi miaka mingi kwa kujiambia mambo mawili: ama meya hasikii, basi si kosa lake, ama anasikia na ana sababu, basi wasubiri. Aliona kwamba akisema kweli atawaharibia amani hiyo. Akatazama upande wa tuta.

"Anasikia," akasema. "Anasikia kila neno. Hizza aliposema habari ya watoto, alitaka kusimama. Kisha akaogopa."

"Akamwogopa nani?"

"Wale anaowatazama."

Hakuna aliyepiga kelele. Mzee mmoja alivuta kanzu yake, akaondoka bila kuaga. Bi Mwanahija akasema polepole, "Afadhali angekuwa kiziwi."

Siku ya pili yake Hizza hakuwasha tanuri. Alichukua jembe lake mwenyewe akapanda kwenye tuta, akaanza kuziba ufa kwa udongo wa matofali. Majirani wakamfuata. Lakini tuta lilikuwa mali ya Baraza, na kulikuwa na sheria kwamba asiye na kibali haligusi, hata kwa kulitengeneza. Kabla ya jua kuwa kali askari wa mji walikuja, wakamchukua Hizza.

Alishtakiwa kwenye baraza lililofuata. Ukumbi ulijaa mpaka nje. Sihaba aliketishwa tena mbele, maana Mshika Kiti hakupata pengine pa kumweka.

Mzee Sheweji ndiye aliyesoma shtaka. Hakulisoma kwa ukali. Alikuwa mtu wa heshima, mwenye ndevu nyeupe, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeamini asemalo. "Mheshimiwa," akamalizia, "leo mmoja amegusa tuta kwa wema. Kesho mwingine ataligusa kwa ubaya, na atasema Hizza aliachiwa. Tunaomba hukumu."

Meya Idarusi alimtazama Sheweji. Halafu, nyuma yake, mtoto wa Tunu akalia. Kilikuwa kilio cha kawaida cha mtoto mwenye njaa, na Tunu alijaribu kumnyamazisha upesi kwa aibu. Lakini Sihaba aliona uso wa meya ukibadilika, kama mtu aliyebeba mzigo kutwa na mgongo ukakataa.

Akageuka.

Hakugeuza kiti, kiti kilikuwa kimepigiliwa. Alisimama, akageuka mwili mzima, akawatazama watu. Mshika Kiti akatoa sauti ndogo ya mtu aliyechomwa. Wako waliofunika macho yao, maana waliogopa kuona kilichokatazwa. Wengi walimtazama tu, na alikuwa mtu wa kawaida kabisa, mwenye jasho puani.

"Hizza yuko wapi?" akauliza.

"Niko hapa, Mheshimiwa."

Wakatazamana. "Nenda kazibe tuta," Idarusi akasema. "Yeyote mwenye jembe aende naye. Hiyo ni amri."

Kabla ya adhuhuri madiwani walifunga mlango wao na kumwondoa. Hawakuhitaji kumpa sababu, kwani waliyemweka wao wangeweza kumtoa wao. Lakini sheria zao wenyewe ziliwafunga: amri ya meya haitenguliwi ila na meya, na meya mwingine hawakuwa naye. Wakaanza kugombana juu ya nani awekwe. Kila diwani alikuwa na mtu wake. Waligombana siku baada ya siku, na Bondeni ilizitumia siku hizo.

Sihaba naye alibeba udongo. Alishuka na kupanda pamoja na Bi Mwanahija na wachuuzi wa sokoni, na Tunu akiwa na mtoto mgongoni. Walikuja pia watu kutoka mitaa mingine ambao hawakuwahi kuliona tuta kwa karibu. Siku ya tatu alikuja mwanamume mmoja mwembamba wa uso, aliyevaa shuka kuukuu. Akachukua karai bila kusema kitu. Hakuna aliyemjua, maana wengi wa pale hawakuwa ukumbini siku ile. Walimwita "bwana wewe", wakamwelekeza pa kumwaga udongo. Mpaka alipoinama kupakia karai lingine, na mwanamke aliyekuwa nyuma yake akaacha jembe lianguke.

"Jamani," akasema. "Shingo hiyo."

Idarusi akabaki ameinama. Hizza, aliyekuwa juu ya tuta, ndiye aliyeokoa hali. "Bwana Idarusi," akaita, "ukikawia hapo udongo unakauka." Idarusi akanyanyua karai, akapanda.

Mvua ilikuja kabla hawajamaliza. Ilianza alasiri kama mchezo, ikawa kitu kingine. Mto Lukwale ulipanda ukiwa na rangi ya damu ya mzee, ukaguguna miguu ya tuta. Palipozibwa palishika. Lakini upande wa chini, karibu na tanuri, palikuwa na sehemu ambayo hawakuifikia, na huko maji yalianza kutokeza. Hizza na Idarusi na wengine wawili walijaza magunia na kuyabana pale kwa miili yao, huku Sihaba na Tunu wakiwaondoa wazee majumbani na kuwapandisha mlimani. Sihaba alikuwa amemshika mkono kikongwe kipofu aliposikia mngurumo. Hakugeuka, alijua akigeuka atamwachia yule mzee.

Kipande cha tuta kilikuwa kimeondoka. Maji yalichukua tanuri na nyumba zilizokuwa karibu yake. Bondeni yote iliyobaki ilisimama. Idarusi alitolewa majini amevunjika mkono. Hizza alipatikana baada ya mvua kukatika, amelala kwenye mchanga wa ukingoni kama mtu aliyejipumzisha, ngumi zake zimefumbata udongo.

Walimzika kando ya mke wake. Sihaba alisimama mbele ya makaburi mawili badala ya lile moja alilokuja kulizuru, na Tunu akamwambia, "Mama mkubwa, usiondoke bado." Hakuondoka.

Baada ya matanga, watu wa mji wote walikusanyika katika uwanja wa soko. Hakuna aliyewaita rasmi. Walitaka jambo moja: meya achaguliwe na wao wenyewe, kwa mikono yao. Madiwani wakaja pia, na Mzee Sheweji akaomba kusema. Wengine walimzomea. Bi Mwanahija akawanyamazisha.

"Mnadhani kiti kiligeuzwa kwa kiburi," Sheweji akasema. "Wageuzaji walikuwa baba zenu. Marehemu baba yake Hizza alishika mguu mmoja wa kiti kile, mimi nilikuwa kijana, niliona. Walikuwa wamechoka na Meya Shomvi. Mliosikia hadithi zake nyoosheni mikono." Wazee wachache wakanyoosha. "Shomvi walimchagua wao, kwa ngoma na vigelegele. Alikuwa na sauti ya kuwatoa nyoka pangoni. Kila mtaa ulimwomba lango lake la kuingilia sokoni, na kila mtaa akaupa, maana alikuwa akiwatazama usoni na hakujua kusema hapana. Wakabomoa ukuta hapa, wakabomoa pale, mpaka soko likawa malango matupu. Mbuzi wakaingia, wezi wakaingia. Madiwani walipomkataza alisema: Mimi ni wa watu, nyinyi ni wa nani? Na kila aliyetaka kumtoa aliitwa adui wa watu. Njaa ndiyo iliyomtoa, na haikumtoa peke yake. Ilichukua na ndugu zangu wawili." Akawatazama wazee walionyoosha mikono. "Sikatai kwamba Hizza amekufa kwa ajili yetu. Nitalijibu hilo kwa Mungu. Nawaambia tu kwamba mnachokiomba tulikuwa nacho."

Uwanja ukawa mzito. Watu walikuwa wamekuja na hasira, na sasa walikuwa na hasira na shaka pamoja, na hivyo viwili havikai vizuri kifuani.

Tunu akasimama. Hakuzoea kusema mbele ya watu, na sauti yake ilianza chini. "Babu Sheweji, pole kwa ndugu zako. Sikujua. Lakini baba zetu waliogopa uso mmoja, wakatuachia kisogo sisi na wanetu. Wewe ulijua ufa upo. Meya alijua. Sisi tulijua. Mji mzima ulijua, na aliyekuwa na uwezo wa kusema 'kazibe' hakuwa anaishi kwa hofu yetu, aliishi kwa hofu yako. Kama tungeweza kumtoa, asingesubiri mwanangu alie."

Mtu akapaza sauti: "Idarusi! Tumchague Idarusi!" Wengine wakaitikia, jina likaenea uwanjani. Idarusi alikuwa amesimama nyuma, mkono umefungwa kwa kitambaa. Wakamsukuma mbele. Ilikuwa wazi hakuzoea kutazamwa. Macho yake yalikimbia huku na huku.

"Msinichague," akasema. Ikabidi arudie, kwa sababu hawakusikia. "Msinichague mimi. Niligeuka siku moja. Siku zote za kabla ya hiyo nilikaa, na nilisikia kila neno, kama huyu dada mgeni alivyowaambia. Mwaka wa kwanza niliumwa na shingo kwa kutaka kugeuka. Baadaye shingo ikazoea. Mtu mwema hukaa pale akazoea. Mzee Sheweji anasema Shomvi alizoea vigelegele, nami naamini. Chagueni mnayeweza kumchagua na mnayeweza kumwondoa, na msimwache apumzike. Mimi nina deni la matofali kwa binti wa Hizza. Nitalifanyia kazi hilo."

Akarudi nyuma, na watu wakampisha.

Walichagua kwa kokoto, kila mtu akitia yake katika chungu cha amtakaye, na wengi walitia katika chungu cha Bi Mwanahija. Yeye mwenyewe alionekana kushtuka kuliko wote. Mshika Kiti aliamriwa ang'oe misumari. Aling'oa mmoja mmoja akilia, kwa sababu ilikuwa kazi yake ya maisha, na hakuna aliyemcheka.

Baraza la kwanza lilipofanyika, watu waliingia ukumbini wamevaa nguo za sikukuu. Sihaba hakuketishwa mbele tena, maana sasa hakukuwa na mbele ya kuficha. Alikaa pamoja na Tunu katikati ya watu. Bi Mwanahija akaketi, akawatazama. Vigelegele vilidumu mpaka akainua mkono.

Mfyatua matofali mmoja wa Bondeni akauliza habari ya kipande cha tuta kilichobaki wazi. Mvua kubwa zilikuwa bado mbele.

"Sijui," Bi Mwanahija akasema.

Watu wakadhani hawakusikia.

"Sijui nifanyeje," akarudia. "Zana ziko ghalani. Funguo wanazo madiwani, na wamekataa kuzitoa. Wanasema nyinyi mmenichagua mimi, basi mnipe nyinyi majembe." Sauti yake ilitetemeka kidogo, na kila mtu aliona ilivyomtetemesha kidevu.

"Tulikuchagua ujue!" mtu akafoka.

Mwingine akasema, "Ndiyo haya haya." Baadhi wakaanza kusimama, wakikusanya nguo zao za sikukuu, wakielekea mlangoni. Sihaba aliwatazama wakiondoka. Aliona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi: meya angebaki na uso wake, madiwani na funguo zao, na mto ungekuja.

Tunu akainuka. Hakuelekea mlangoni. Alipita kando ya kiti cha meya, akaenda mpaka kwenye benchi la madiwani, akasimama mbele ya Mzee Sheweji.

"Babu, ghala limejaa majembe. Unamkomoa nani?"

Sheweji akamtazama. "Nikimpa yeye peke yake," akajibu kwa sauti ya chini, "nimewafufulia Shomvi."

"Basi usimpe peke yake."

"Nimpe na nani?"

"Sijui. Tuulizane."

Mzee akamtazama Bi Mwanahija. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa funguo, akaziweka sakafuni, katikati ya benchi lake na kiti cha meya. Hakumpa mtu. "Nani atazishika?" akauliza, na sasa alikuwa akiwauliza wote. "Atazirudisha lini? Asiporudisha, nani atamdai?"

Mfyatua matofali akajibu kitu. Mwanamke wa Kilimani akampinga. Bi Mwanahija akasema yeye hataki kuzishika bila shahidi, na diwani mwingine akasema shahidi asiwe wa Bondeni, na hapo zogo likaanza, zogo la kweli, lisilo na vigelegele. Waliokuwa mlangoni wakasimama kusikiliza. Mmoja akarudi ndani kwa sababu alisikia mtaa wake ukitajwa vibaya; wenzake wakamfuata. Funguo zilikuwa bado sakafuni.

Sihaba alikuwa amepanga kuanza safari ya kurudi kwao siku ile, kabla jua halijapinduka. Jua lilipinduka. Tunu alikuwa katikati ya ubishi, ameinua mkono ili apewe zamu, na mtoto mgongoni ameanza kuhangaika. Sihaba akajipenyeza mpaka akamfikia.

"Nipe mtoto," akamwambia. "Wewe una maneno."